Ile Video Yangu ya Mafuta Nishaifuta

Mlio nami toka mwaka jana mwaijua ile video. Niko barazani kwetu Mishomoroni, nimegawa nywele katikati, namimina mafuta kwenye ngozi ya kichwa, huku nasema kwa kujiamini kabisa: mba ni ukavu, lisha ngozi mafuta. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Juzi nimeifuta, na kufuta kimya kimya naona ni woga, kwa hivyo wacha niseme.

Nilikosea. Yale mafuta nililetewa chupa sita za bure, na mimi niliacha chuo mwaka wa pili, wala sikuwa nasomea udaktari.

Mba mara nyingi si ukavu. Kwenye ngozi ya kila mtu kuna kuvu ndogo sana iitwayo Malassezia, na chakula chake ni mafuta. Kwa baadhi yetu ngozi haiivumilii: inawasha, inabanduka. Ukimimina mafuta juu yake, zile chembe zinalala, kichwa kinang'aa kwenye kamera, kumbe umeipikia kuvu pilau. Siku tatu baadaye uko kwenye matatu ya Kisauni wajikuna mpaka jirani anasogea.

Na huko kusogea ndiko kunakoniuma. Kwetu kichwa kikiwasha, swali la kwanza ni "Kwani huogi?" Basi mtu anaficha. Anavaa kofia, anabandika wigi, anafunga mtandio juu ya nywele mbichi, na joto letu hili la Februari. Mtandio hauna kosa, jamani. Kausha nywele kwanza.

Mdogo wangu alitoka mapunye, yale wengine mwaita mashilingi. Akanyolewa kipara, shuleni wakampa jina la utani, nyumbani tukampaka krimu ya jirani. Mwasho ukatulia, kisha yakaenea kichwa kizima. Nesi alipoiona ile krimu akatikisa kichwa: ilikuwa na steroidi, inayotuliza ngozi huku kuvu ikizidi kukua. Akatueleza kwamba kuvu ya mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, krimu haifiki huko. Yataka dawa ya kunywa aliyoandika daktari, wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 8, bila kuacha njiani kwa sababu yaonekana yamepona. Aliambukizwa wapi? Pengine mashine ya kinyozi, pengine kitana, pengine kofia ya rafiki. Mtoto anaoga mara mbili kwa siku. Uchafu uko wapi hapo?

Sasa zamu yangu. Kwa ajili ya kamera nilikuwa nasuka kila wiki mbili, nywele nyembamba, zimebanwa hasa. Nikilalamika naambiwa ikiuma ndiyo imeshika. Nikameza dawa za maumivu, nikalala kifudifudi, vipele vikatoka kwenye mstari wa nywele, nami nikaviita bei ya urembo. Leo panja zangu zimerudi nyuma. Nywele zinazovutwa muda mrefu hukatika. Ukiwahi huota tena, ukichelewa tundu la unywele hubaki kovu na hakuna mafuta yatakayolifungua. Upande wa kushoto zaota. Wa kulia bado nangoja.

Wavulana msicheke. Vile vipele vigumu vya kisogoni baada ya kunyolewa karibu sana, ukiendelea kuvipitishia mashine vinaweza kuacha makovu yaliyovimba. Mwambie kinyozi asichimbe, na asafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako. Hiyo si dharau, ni haki yako.

Na si kila kipara cha duara ni mapunye. Wengi wetu tulilisikia neno alopesia Machi 2022, siku Will Smith alipompiga Chris Rock kofi kwenye Oscar kwa mzaha kuhusu kichwa cha Jada Pinkett Smith. Kuna aina ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia mizizi ya nywele. Haiambukizi. Kwa hivyo usimkimbie mtu kwa kumtazama tu.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Kwa mba, shampuu ya dawa yenye ketokonazoli kutoka duka la dawa, mara mbili kwa wiki, naiacha dakika 5 ndipo nasuuza. Maji ya visima vya huku kwetu ni ya chumvi, sabuni haitoki vizuri, kwa hivyo suuza ya mwisho ni nusu mtungi wa maji matamu. Msuko ukiuma, nafumua usiku huo huo, hata kama nililipa elfu mbili.

Na kikitoka usaha, kipara au kidonda, usiniulize mimi. Walio Changamwe wana hospitali ya Port Reitz, Likoni ipo ya kaunti ndogo, na Coast General iko kisiwani kwa rufaa. Twatoa elfu mbili kwa nywele za kubandika bila kufikiri, halafu ya kumwona daktari twaona ghali. Nywele twanunua. Ngozi ya kichwa haiuzwi popote.

Kama uliifuata ile video ukaumia, naomba radhi. Mwambie na uliyemtumia.