Mafuta Yana Mwenyewe



Wiki iliyopita tulikuwa na harusi hapa Munje. Baada ya Isha, sinia zimeshapangwa na wageni wameketi, stima ikakatika. Jenereta iliyokodishwa ikawaka, ikakohoa mara mbili, ikazima. Waliotoa shauri walikuwa wengi, na giza likabaki pale pale. Ndipo akainuka mgeni mmoja, mume wa binti yetu aliyeolewa Tanga. Alivua kanzu, akaomba tochi na spana. Akakuta maji yamechanganyika na dizeli. Akayamwaga yaliyotuama chini ya chujio, akaitoa hewa iliyokwama katika bomba la mafuta, na muda si mrefu taa zikawaka. Alipoulizwa ujira wake, alisema ni zawadi kwa bwana harusi.

Asubuhi yake mkewe alitujia barazani pamoja na mamake. Alikuwa na suala, nasi tumemwomba ruhusa kuliandika, kwani si la nyumba yake peke yake.

Mumewe ana kibanda cha kutengeneza jenereta. Ufundi aliupata ujanani katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1963. Hivi sasa yeye ni mgambo. Kwa wasomaji wetu wa upande huu wa Lunga Lunga, mgambo ni raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi, akarudi katika kazi yake, naye huitwa anapohitajika. Siku zake za zamu hukabidhiwa jenereta ya kituo. Huipima oili, husafisha chujio, hukaza nyaya za betri ambazo chumvi ya bahari huzila, kisha huiwasha kwa nusu saa ili ahakikishe inabeba mzigo wa taa. Akimaliza huandika daftarini.

Katika daftari hilo ndipo ulipomjia mtihani. Mfanyabiashara mmoja alimwendea na dumu tupu, akamwambia aandike saa tatu mahali pa nusu saa, na dizeli ya tofauti hiyo yeye atainunua. Mume alikataa.

"Sheikh wangu," alisema binti yetu, "watoto wamerudishwa kwa ajili ya ada, na akipatacho katika zamu hakitoshi hata unga. Mafuta ya serikali yana mwenyewe? Wako wanaoyauza na watoto wao wasoma. Huu ni ucha Mungu, au ni ujinga?"

Hatukumkemea. Mama anayemtazama mwanawe amekaa nyumbani wakati wenzake wako darasani ana haki ya kuuliza. Tulimsimulia habari ya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria. Katika safari ya kurudi, mtumishi mmoja aitwaye Mid'am alikuwa akishusha tandiko la ngamia wa Mtume (s.a.w.), ukamfika mshale usiojulikana aliyeurusha, akafa. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (s.a.w.) akawakatalia, akawaambia kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaleta gidamu za viatu alizokuwa amezichukua.

Zingatieni, mama zetu. Huyo alikufa akiwa kazini, akimtumikia Mtume mwenyewe, na kilichomponza ni shuka moja. Mali ya wote haikosi mwenyewe. Wenyewe ni wengi, na ndiyo maana deni lake ni zito. Utawaendea wangapi kuwaomba radhi?

Na mafuta yale yana mwenyewe hata katika hesabu ya dunia. Mwenyewe ni yule atakayekuwa gizani usiku stima itakapokatika. Tangi likikauka, mashine ya dizeli huvuta hewa, na mara nyingi haiwaki tena kwa kumiminiwa mafuta tu, mpaka apatikane fundi wa kuitoa hewa ile. Mama anayejifungua usiku hapa Msambweni hamjui aliyepima dizeli mchana, lakini uhai wake na wa kichanga chake huenda ukawa mikononi mwa mtu huyo. Nabii Daudi (a.s.) alipofunzwa kutengeneza deraya aliamrishwa azipime vyema pete zake. Askari huivaa deraya bila ya kuikagua pete moja moja, humwamini fundi.

Kwa hivyo tulimjibu: mumeo si mjinga, mwanetu. Ameihifadhi riziki ya watoto wako isiingie haramu, na wewe usiwe wa kumsukuma kwenye dumu lile.

Lakini mamake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema neno lililotutia haya: "Na jana, Sheikh, nani aliyemlipa?"

Kweli, hakuna. Tulikula kwa mwangaza wa kazi yake, tukamwombea dua, tukalala. Ikiwa kila mwenye harusi atasema fundi huyu ni mtu wetu, na kila jirani ataahidi kumlipa kesho, basi sisi tunaomsifu kwa uaminifu ndio tunaomsogezea dumu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na la mgeni wetu lilikuwa limeshakauka usiku kucha.

Siku ile ile wazee walichanga ujira wa fundi, na juu yake sehemu ya ada. Tulimkabidhi yeye mwenyewe, kama haki yake na si sadaka. Alisita, kisha akapokea, akampa mkewe.

Twamwomba Allah azihifadhi nyumba zetu na haramu, awape subira wake wa waaminifu, na atujaalie tuwe wepesi wa kulipa kama tulivyo wepesi wa kusifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.