Mtihani wa leseni ya uuguzi: Dawa haikaririwi, hupigiwa hesabu

MHITIMU wa uuguzi anayeishi Nyasubi, mjini Kahama, hata akifaulu mitihani yote ya chuo, bado hajaruhusiwa kumchoma mgonjwa sindano. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kwanza atambuliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupewa leseni, nalo Baraza humpima kwa mtihani wake.

Somo linalowatoa wengi jasho ni famakolojia, yaani elimu ya dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini. Wengi hulisoma kwa madesa, kama wanafunzi wanavyoyaita: majina ya dawa upande mmoja, madhara yake upande wa pili. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Chukua artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa inaufahamu vyema. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, na mgonjwa wa kilo 20 au zaidi apewe miligramu 2.4. Aliyekariri kwamba siku zote mtoto hupunguziwa dawa ameshakosea.

Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42. Kichupa cha miligramu 60, kikichanganywa kwa ajili ya mshipa, hutoa miligramu 10 katika kila mililita. Kwa ajili ya msuli, miligramu 20. Kwa hiyo atachomwa mililita 4.2 mshipani, au 2.1 msulini. Anayechanganya njia hizo mbili atampa nusu ya dozi au mara mbili yake, na nusu ya dozi kwa mtoto aliyezimia kwa malaria si kosa dogo.

Salfeti ya magnesiamu, inayotolewa kwa mama mwenye kifafa cha mimba, ina mtego mwingine. Hesabu yaweza kuwa sahihi na bado dawa ikadhuru. Kabla ya kurudia dozi, muuguzi huhakikisha mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, kiuasumu chake, hupaswa kuwa karibu na kitanda.

Hayo hayakai kichwani kwa kuimba orodha. Yanahitaji mizani, bomba la sindano na mkufunzi anayeuliza swali jipya kila asubuhi wodini. Isitoshe, mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mama atamweleza hali ya mtoto kwa Kiswahili au Kisukuma.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mhitimu mzigo wote. Mwaka 2017 WHO ilipoanzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa yanayoepukika, ilitaja pia uchovu wa wahudumu na uhaba wao. Leseni humpima mtu mmoja akiwa ametulia chumbani. Zamu ya usiku humkuta peke yake, wagonjwa wakiwa wengi, na mizani ikiwa imeharibika.