KELELE ZA TAIRI SI MZIGO WA DEREVA PEKE YAKE



Twazungumza sana juu ya mshahara, posho ya safari na siku za kupumzika. Hayo ni haki yetu, wala hatutayaacha. Lakini liko jambo jingine linalotula polepole nasi hatulisemi, kwa sababu halitoi damu wala halivunji mfupa. Jambo hilo ni kelele ndani ya gari.

Kila dereva na tanboi aendaye kati ya Lodwar na Kakuma alijua neno hili. Safari ni kiasi cha kilomita 120, na wengi wetu huenda na kurudi siku ile ile. Zamani, lami ilipokuwa imekwisha, tulikwenda polepole, na mara nyingi tulipita mchangani kando ya barabara. Kelele ya siku zile ilikuwa ya bodi na vyuma kugongana. Katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya barabara hii ya A1 imejengwa upya kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Twashukuru kwa hilo. Lakini mwendo umeongezeka, na kelele imegeuka. Sasa ni ngurumo ya tairi, tangu kuondoka hata kufika. Mwendo ukizidi mara mbili, kelele ya tairi huongezeka kwa desibeli 9 hivi au zaidi. Katika gari dogo, ukipita kilomita 50 kwa saa, tairi hushinda injini kwa sauti.

Huku kwetu Turkana ziko sababu tatu zinazozidisha taabu hii.

Kwanza, gari nyingi zinazochukua vyakula, dawa na wafanya kazi kwenda kambi ya Kakuma na Kalobeyei zimefungwa tairi za meno makubwa, kwa ajili ya mchanga na malaga. Ni kweli, Kawalase na Tarach zikishuka maji, tairi laini haisaidii kitu. Lakini gari hilo hilo hutembea lami siku nyingi za mwaka. Kila jino hugonga lami na kubana hewa, na mgongo wa dereva na masikio yake ndivyo vinavyopokea.

Pili, jua letu hukausha mpira. Tairi iliyokaa miaka mingi huwa ngumu kama ubao, hata kama meno yake bado yaonekana marefu.

Tatu, madirisha. Dereva aambiwa, "Funga dirisha, kelele itapungua." Katika joto la Lodwar, na mashine ya kupoza hewa imekufa tangu mwaka jana, nani awezaye kufunga dirisha? Huko si kutatua jambo, ni kumchagulia mtu kati ya kuungua na kuwa kiziwi.

Wako matajiri wasemao, "Dereva huyu amekwisha zoea." Ndugu, tulipime vizuri neno hili. Sikio halizoei kelele kama mkono unavyozoea jembe. Ndani ya sikio zimo nywele ndogo sana zipokeazo sauti, na zikifa hazioti tena. Aliyezoea kelele mara nyingi ni yule aliyekwisha poteza sehemu ya masikio yake. Jioni masikio yalia, nyumbani ataka redio ipandishwe, watoto wadhani baba amekasirika kwa kuwa asema kwa nguvu. Tena barabarani hasikii honi ya nyuma, wala tanboi akigonga bodi kumwambia asimame. Hapo kelele imekuwa ajali.

Sheria yasemaje? Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini, za mwaka 2005, zakataza mfanya kazi kuwekwa katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa saa 8. Tena ikipita 85, mwenye kazi apaswa kuwa na mpango ulioandikwa wa kuipunguza na kulinda masikio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema kiwanda tu. Mahali pa kazi ni popote mfanya kazi alipo kwa ajili ya kazi yake. Kwa dereva, mahali hapo ni ndani ya gari. Sheria hiyo hiyo yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu amelalamika juu ya hatari ya kazi.

Sasa, dawa ni nini? Si pamba masikioni, wala si kupandisha redio ili ishindane na tairi. Redio huongeza kelele juu ya kelele, na pamba haizuii vya kutosha. Dawa ya kwanza ni kuondoa kelele inakotoka, na mengi ya kazi hiyo si ghali.

Dereva aanze kwa kusikiliza. Kelele ikibadilika gari litokapo lami mbovu kuingia lami laini, hiyo ni ya tairi. Ikibadilika ukikata kona kushoto au kulia, shuku beringi ya gurudumu, na usingoje, kwa maana beringi ikifa gurudumu laweza kutoka. Ikibadilika ukikanyaga au kuachia mafuta, tazama injini, gia na bomba la moshi. Ikiwa ni mluzi wa upepo, tazama mpira wa mlango.

Kisha gari liwe limesimama, upitishe kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Ukiona upande mmoja wakwaruza kama msumeno, magurudumu hayakupangwa sawa. Ukiona mabonde na vilima, shokabsoba zimechoka, au tairi hazikuhamishwa mbele na nyuma kwa wakati wake. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Upepo mwingi hufanya tairi ipige kama ngoma. Upepo mdogo huichemsha mpaka ipasuke, na hilo ni baya zaidi.

Kwa hiyo twataka matajiri wote wa safari hizi watende haya:

1. Gari za lami zifungwe tairi za lami au za kati, na zile za meno makubwa ziwekwe kwa gari ziendazo mchangani kweli.
2. Umri wa tairi usomwe ubavuni mwake, ambako tarakimu nne zaonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, wala tairi kuukuu isiletwe Turkana kwa kuwa imekataliwa kwingine.
3. Mipira ya milango, mikeka ya sakafu na mashine za kupoza hewa zitengenezwe kama breki zinavyotengenezwa.
4. Kelele ipimwe ndani ya gari, likiwa safarini na si limesimama gereji, na masikio ya madereva na matanboi yapimwe pia.

Nasi tunao wajibu wetu. Gari la mizigo na la abiria lina mpaka wa kilomita 80 kwa saa, na akimbiaye 110 hawezi kumlaumu tajiri peke yake kwa ngurumo. Tena lalamiko la mdomo hupotea na vumbi. Liandikwe katika kitabu cha gari, na tarehe yake, na nakala imfikie mjumbe wa chama. Dereva mmoja akinung'unika aitwa mvivu. Vitabu vya gari kumi vikisema neno moja, hapana awezaye kuvifunga.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa sikio, ndugu zetu, hapana fundi awezaye kuujenga.

UMOJA NI NGUVU.