Kompyuta nayo isahihishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana naona wenzangu wengi wako njiani kulifanya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mwaka jana nilitengeneza programu ya kompyuta ya kuendesha mashindano ya karata. Programu hiyo ikamdhulumu mzee mmoja mbele ya kijiji kizima, wala hapana hata mtu mmoja aliyegundua siku ile.

Kabla sijaendelea, niwajibu wale watakaosema kwamba mwalimu anafundisha kamari. Hatuchezi fedha. Tunacheza arubastini, wawili kwa wawili, na zawadi ilikuwa mbuzi mmoja aliyetolewa na wafanyabiashara wa gulio. Mtu anayehesabu kichwani pointi 120 za karata, huku akikumbuka turufu zilizokwisha kutoka, anafanya hesabu ngumu kuliko nyingi ninazoziandika ubaoni.

Zilikuja jozi 19. Miaka ya nyuma tulikuwa tukicheza kwa mtoano, yaani ukifungwa basi. Watu waliotembea kwa miguu kutoka vitongoji vya mbali walicheza mchezo mmoja, kisha wakashinda wanatazama wenzao. Kila jozi kucheza na kila jozi nako hakuwezekani, kwani kwa jozi 19 hiyo ni michezo 171. Ndipo nikasoma habari za mtindo wa Uswisi, uliotumika kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Katika mtindo huo hatolewi mtu. Baada ya kila mzunguko, wenye pointi zinazolingana au kukaribiana wanakutanishwa, mradi wawe hawajapata kukutana. Wachezaji wa Magic: The Gathering, karata zilizobuniwa na mwanahisabati wa Kimarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, wanautumia sana mtindo huu, na kompyuta ndizo zinazowapangia. Kwa jozi zetu 19 mizunguko mitano ilitosha: michezo 45, kila mtu amecheza, kisha wanne wa juu wanaingia nusu fainali.

Kupanga kwa mkono kunachosha na kunaleta maneno. Mpangaji akimpa shemeji yake mpinzani dhaifu, hata kama ni kwa bahati, watu watanong'ona. Nikaona kompyuta itatuondolea fitina. Nilikuwa nimejifunza kidogo chuoni, na baadaye nikajiendeleza kwa vitabu, nikaiandika programu hiyo kwa lugha ya Python jioni baada ya kusahihisha madaftari. Nikaijaribu kwa jozi nane za majina ya kubuni. Ikapanga vizuri, ikajumlisha vizuri, nikajipongeza.

Ndugu Mhariri, nane ni namba tulivu mno. Hapana jozi inayobaki bila mpinzani. Katika majaribio yangu hapakuwa na sare wala jina lililofanana na jingine. Nilifanya kama mwalimu anayetunga mtihani, akaufanya mwenyewe, akausahihisha mwenyewe, kisha akajipa mia kwa mia.

Siku ya mashindano, kwa kuwa jozi zilikuwa 19, ilibidi kila mzunguko jozi moja ipumzike na kupewa pointi mbili za bure kama iliyoshinda. Katika mzunguko wa tatu programu ikaipumzisha jozi iliyokwisha kupumzika. Wenyewe wakapiga kelele kwamba walikuja kucheza karata, hawakuja kulala. Katika mzunguko wa tano programu ikakwama kabisa. Ilikuwa ikipanga kuanzia juu kushuka chini, na mwishoni zikabaki jozi mbili ambazo zilikwisha kukutana. Haikujua kwamba ilipaswa kurudi nyuma, ikapangua meza iliyotangulia na kuanza upya, kama tunavyofanya tukipanga ratiba ya vipindi na mwalimu mmoja akajikuta ana madarasa mawili saa moja. Nikapangua kwa mkono, mchezo ukaendelea.

Makosa hayo mawili yalikuwa ya aibu, lakini yalionekana, kwa hiyo yalirekebishwa palepale. Kosa baya lilikuwa la tatu, ambalo lilinyamaza.

Katika mzunguko wa nne, mzee mmoja aliyekuwa akicheza na mjukuu wake alipata pointi 60 za karata, na wapinzani wao 60. Sare. Kanuni yetu inasema mshindi anapata pointi mbili na sare ni moja kwa kila upande. Mimi niliiandikia programu hivi: aliyezidi 60 apewe mbili, asiyezidi apewe sifuri. Kwa hiyo pande zote mbili zikahesabiwa kuwa zimefungwa. Hebu fikirini, mchezo mmoja, na wote wamefungwa!

Mzee alikuwa ameshinda mara tatu, akafungwa mara moja, akatoka sare mara moja. Hiyo ni pointi saba. Karatasi niliyoibandika ukutani ilimpa sita. Nafasi ya nne ikachukuliwa na jozi nyingine yenye sita, kwa sababu wapinzani wake walikuwa na pointi nyingi zaidi. Nilikuwa nimesimama karibu. Mzee alihesabu kwa vidole, akaitazama karatasi, akahesabu tena. Mjukuu wake akamwambia, "Babu, tumuulize Mwalimu." Mzee akajibu, "Mashine haina ndugu wala jirani. Itamwonea nani?" Wakachukua baiskeli yao wakaondoka. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu na, niseme kweli, nilifurahi kuona mashine yangu inasifiwa.

Usiku nikakaa kujumlisha, kwa kujifurahisha tu. Michezo tisa kwa pointi mbili ni 18, na mbili za anayepumzika ni 20. Mizunguko mitano, 100. Nikapata 98. Nikarudia mara tatu, 98. Hiyo ni jumla ya darasa la tatu, ndugu wasomaji, ambayo ningeweza kuiagiza kompyuta yenyewe iifanye kila mzunguko na ipige kelele isipotimia. Sikuiagiza. Kufikia saa hiyo mbuzi alikwisha kuliwa.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee kuomba radhi. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "mbuzi si kitu. Lakini siku nyingine usinibandikie matokeo ukutani kabla hujaniuliza nilipata ngapi."

Tangu hapo nimeijaribu programu kwa namna nyingine. Kwanza niliwaita wanafunzi wa darasa la sita baada ya masomo, nikawaambia kazi yao ni kuiharibu. Waliifurahia kazi hiyo kuliko kipindi chochote nilichowahi kufundisha. Waliandika pointi 200 mahali ambapo mwisho ni 120. Waliandikisha jozi mbili kwa jina moja, na pointi za jozi zote mbili zikaingia mfuko mmoja. Waliondoa jozi katikati, kana kwamba imepata msiba, na programu ikaendelea kuiita mezani. Msichana mmoja aliizima kompyuta ghafla na kuniuliza matokeo yako wapi. Hayakuwapo. Tulipata makosa saba kwa jioni mbili, na mimi niliyekuwa nimeitazama programu ile miezi mitatu sikuwa nimeliona hata moja kati ya hayo.

Kisha nikaiacha usiku kucha icheze mashindano 1,000 ya uongo, yenye jozi kuanzia 2 hadi 40, huku ikijikagua kila mzunguko: je, kila jozi imetokea mara moja tu, je, kuna waliokutana mara mbili au kupumzika mara mbili, je, jumla ya pointi imetimia? Nilijifunza kwamba kuna maombi yasiyowezekana. Jozi nne haziwezi kucheza mizunguko mitano bila kurudiana, na programu yenye adabu inapaswa kumwambia hivyo msimamizi badala ya kubuni jambo. Nilijifunza pia kutoka kwa wale wa Magic, ambao wakipima ugumu wa wapinzani humhesabu mpinzani aliyeboronga kana kwamba amepata angalau asilimia 33, ili mtu asiadhibiwe mno kwa kupangiwa mtu dhaifu.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu sasa wanaleta programu mashuleni na vijijini, za ratiba za michezo, za kupanga matokeo, za hesabu za vikundi. Juhudi hiyo ni njema na mimi ni mmoja wao. Lakini tunazipokea bila swali kwa kuwa karatasi imechapwa vizuri. Nawaomba waandaaji wenzangu wamuulize mtengenezaji ni nani, mbali na yeye mwenyewe, aliyejaribu kuiharibu kazi yake. Tena pande zote mbili zitie sahihi matokeo yao kwenye daftari kabla hayajaingizwa kwenye kompyuta, na yakishatoka, yasomwe kwa sauti mbele ya wachezaji.

Mashindano ya mwaka huu yatakuwa baada ya mavuno. Mzee amekubali kuja, kwa sharti kwamba daftari liwekwe mezani kwake na kalamu aishike mjukuu wake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.