Nani aliibiwa Kalukundi?

Upande wa mashariki wa Kolwezi, njia ya kwenda Fungurume, kuna ardhi yenye shaba na kobalti inayoitwa Kalukundi. Haki ya kuichimba ilikuwa ya kampuni yenye wabia wawili: Africo Resources ya Kanada, asilimia 75, na Gécamines, kampuni yetu ya madini ya Serikali, asilimia 25. Africo ikapokonywa fungu lake kwa hukumu ya mahakama ya hapa nchini. Ilipokuwa ikihangaika kulirudisha, mwaka 2008 hisa zake nyingi zikaingia mikononi mwa mfanyabiashara ambaye mashtaka ya Marekani yalimwita tu “mshirika wa Kongo”. Fedha zilitoka Och-Ziff, mfuko wa uwekezaji wa New York. Mwaka 2016 kampuni yake tanzu, OZ Africa, ilikiri kosa la kula njama ya kuhonga wakubwa wa Kongo, mahakimu wakiwemo.

Hapo ndipo wanahisa wa zamani wa Africo walipobisha hodi mahakamani Brooklyn, Marekani, wakidai kwamba walioumizwa ni wao. OZ Africa ikapinga. Mwaka 2019 Jaji Nicholas Garaufis akaamua kwamba haki ya kuchimba ni mali, na wanahisa hao walinyang'anywa mali. Mwaka uliofuata waliamriwa kulipwa zaidi ya dola milioni 135.

Sina kinyongo nao. Walidhulumiwa, wakadai, wakapata. Linaloniumiza kichwa ni swali ambalo mtu wa Musonoi au Kasulo, mitaa ya hapa Kolwezi, angeulizwa kama angefika mlango uleule: wewe una hisa ngapi? Hongo ilipita katika mahakama zetu, ikanunua wakubwa wetu, lakini aliyetambuliwa kuwa ameibiwa ni mwenye karatasi.

Sheria ina sababu zake. Tuseme watu ishirini wa Manika wamechanga wakanunua mashine ya kusaga mahindi. Mwizi akiibeba, anayeshtaki ni kikundi, na fidia huingia katika kasha la kikundi. Wote ishirini hawawezi kwenda mmojammoja kudai mashine ileile. Lakini kama wewe peke yako uliuziwa fungu lako kwa uongo, ukaambiwa mashine ni mpya kumbe imechoka, dai hilo ni lako. Sheria ya OHADA, jumuiya ya Afrika ya sheria za biashara ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inafuata mstari huohuo: mwanahisa hudai kwa jina lake hasara iliyo tofauti na ya kampuni; hasara ya kampuni anaweza kuidai kwa niaba ya kampuni pale viongozi wake wanapokaa kimya. Kesi ya kundi zima kama za Marekani, ambapo mmoja husimama kwa maelfu wasiojuana, OHADA haijaipa nafasi.

Na hasara hupimwaje? Katika kesi za masoko ya hisa kipimo ni bei: ulinunua kwa kiasi gani uongo ukiwa hai, na bei ilishuka kiasi gani ukweli ulipotoka. Julai 2018 kampuni ya madini ya Glencore ilipotangaza kwamba Wizara ya Sheria ya Marekani inataka nyaraka zake kuhusu Kongo, Nigeria na Venezuela, hisa zake zilianguka siku hiyohiyo, na wawekezaji wakakimbilia kwa mawakili. Mizani hiyo haina jiwe la kupimia vumbi la barabara zetu, wala mrabaha ambao haukulipwa. Desemba 2018 wasimamizi wa soko la Ontario waliiadhibu Katanga Mining, kampuni tanzu ya Glencore, na wakuu wake, takriban dola milioni 36 za Kanada, kwa hesabu zenye kasoro, zikiwemo za shaba iliyochimbwa hapa mjini Kolwezi na kampuni yake ya KCC. Aliyelindwa ni mnunuzi wa hisa wa Toronto.

Kuna wanaoishia hapo na kulaumu wazungu. Mimi sikubali kuishia hapo, kwa sababu karatasi tunayo. Mwaka 2018 Gécamines na ndugu yake SIMCO walikuwa na asilimia 25 ya KCC. Na Aprili 2018 Gécamines ilifanya jambo ambalo wengi wamelisahau: iliishtaki KCC hapahapa Kolwezi, ikiomba ivunjwe kwa kuwa madeni yalikuwa yamekula mtaji. Kwa miaka mingi KCC ilikuwa imekopeshwa na mabwana zake wenyewe, hivyo faida ikaishia katika kulipa deni, na mbia wa Kongo akabaki kusubiri gawio. OHADA inasema kampuni ya namna hiyo isiporekebisha mtaji wake kwa wakati, yeyote mwenye maslahi anaweza kuomba ivunjwe. Yeyote mwenye maslahi! Mlango mpana kuliko wa Brooklyn.

Haikuchukua miezi mitatu. Juni 2018 wakapatana: deni la dola bilioni 5.6 likageuzwa kuwa mtaji, na Gécamines ikaahidiwa dola milioni 150 kumaliza magomvi ya zamani. Desemba 2022 Glencore ikakubali kuilipa Serikali dola milioni 180 kwa madai ya rushwa ya kati ya 2007 na 2018. Linganisha: miaka kumi na moja ya taifa zima kwa milioni 180, na ardhi moja ya Kalukundi kwa milioni 135. Wanahisa wa Africo walibishana kuhusu thamani mbele ya jaji, kila upande ukileta hesabu zake. Sisi tulipatana nje ya mahakama, na mapatano ya namna hiyo hayaachi hukumu inayoonyesha hasara ilivyopimwa.

Kwa hiyo toleo hili halizungumzii haki ya wanahisa wa mbali. Linamzungumzia mwanahisa wetu, anayeshika hisa kwa niaba ya watu ambao hawajawahi kuitwa kwenye mkutano mkuu. Tunaiomba Gécamines na Wizara ya Fedha watueleze mambo mawili: hasara ilipigiwa hesabu vipi kabla ya kutia sahihi, na fedha zilizolipwa ziliingia katika vitabu gani. Jibu likifika, tutalichapisha lote bila kulikata.