Bomba Likipasuka Usiku, Nani Alipe?

Ilikuwa Jumanne, saa tano usiku. Nilishtuka usingizini nikisikia maji yakitiririka jikoni. Kushuka kitandani, miguu ikatua kwenye maji. Bomba la chini ya sinki lilikuwa limepasuka, na koki ya kufungia maji ilikuwa imeshika kutu kiasi kwamba haizunguki. Nikampigia keateka. Akaja, akafunga maji ya ghorofa nzima, kisha akaniambia, "Wewe tafuta fundi tu asubuhi. Mambo ya pesa tutaongea na mzee mwisho wa mwezi."

Fundi akapatikana. Nikamtumia shilingi 3,800 kwa simu, za bomba, koki na kazi yake. Mwisho wa mwezi ulipofika, keateka alikuwa ameacha kazi na mzee hakukumbuka kuambiwa chochote. Miezi saba baadaye nikahama. Dipoziti yangu ya 12,000 ikarudi ikiwa 5,500. Sababu? Kabati la jikoni lilikuwa limevimba kwa maji.

Yaani nililipia bomba lake, halafu nikalipia na kabati lake.

Nimelifikiria jambo hili sana, na msimamo wangu ni huu: uharibifu wa ghafla unafaa kulipwa na aliyeusababisha au aliyekuwa na wajibu wa kuuzuia, si na yule aliyekuwa ndani ya nyumba ulipotokea. Dipoziti si mfuko wa mwenye nyumba wa kukarabati jengo lake. Na hapa wapangaji tusijifiche: kodi pia si mfuko wetu wa kujilipa kimya kimya.

Wengi hudhani sheria yetu haina la kusema kuhusu haya. Inalo. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa mwenye nyumba majukumu fulani hata kama hayakuandikwa kwenye mkataba. Ukiwa umekodi sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa wengi wetu tunaoishi kwenye ploti, ni kazi yake kutunza paa, kuta kuu, mitaro mikuu, na sehemu na mitambo ambayo wapangaji wote wanaitumia. Tena nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine ambayo haikutokana na uzembe wa mpangaji, hadi isifae kukaliwa, kodi husimama mpaka irekebishwe. Ikiwa ni sehemu tu iliyoharibika, kodi hupunguzwa kwa kiasi kinachostahili. Miezi 6 ikipita bila marekebisho, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi 1.

Kifungu cha 66 kinamgeukia mpangaji. Unapaswa kuirudisha nyumba katika hali uliyoipokea, lakini hudaiwi uchakavu wa kawaida. Hudaiwi pia uharibifu wa moto, mafuriko au ajali ambayo haikuletwa na uzembe wako, wa wageni wako au wa wafanyakazi wako. Aprili 2024, maji ya mafuriko yalipoingia kwenye nyumba za watu Mathare na Athi River, vifungu hivi viwili vilifaa kuwa kwenye simu ya kila mpangaji.

Neno la kushika hapo ni uzembe, maana ndilo linaloamua nani aingize mkono mfukoni.

Chukua mfano ambao kila mkaaji wa Nairobi anaujua. Maji ya mgao yamekatika. Unafungua mfereji, hautoi kitu, unausahau wazi na kwenda kazini. Saa nne asubuhi maji yanarudi. Ukifika jioni, nyumba ni bwawa na dari ya jirani wa chini inavuja. Hapo usimtafute mwenye nyumba. Ni wewe. Lipa rangi ya dari, omba jirani msamaha, maisha yaendelee. Wenye nyumba wengi wamekutana na visa kama hivi, na ndio maana wanakuwa wakali. Siwalaumu kwa hilo.

Lakini bomba lililozeeka ndani ya ukuta si mfereji uliosahauliwa. Nyaya za stima zilizofungwa vibaya kabla hujahamia si pasi uliyoiacha ikiwaka. Ukiyaripoti matatizo hayo na hakuna aliyekuja, uzembe umehama upande. Kwa upande mwingine, ukiona ukuta umelowa miezi mitatu na ukanyamaza kwa sababu "si nyumba yangu", nawe umechangia.

Vitu vyako je? Hapa wengi hushangaa. Mwenye nyumba halazimiki tu hivi hivi kukununulia godoro au televisheni iliyoharibika. Itabidi uonyeshe kwamba hasara ilitokana na uzembe wake, kwa mfano paa uliloripoti mara mbili na halikuguswa. Ukiwa na ushahidi huo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na hulazimiki kuwa na wakili. Bila ushahidi, hasara ni yako. Ndiyo sababu naona bima ya vitu vya nyumbani, au hata akiba ndogo ya dharura kwenye simu, si anasa.

Sasa turudi kwa zile 3,800 zangu. Ujumbe wa malipo niliupata. Ulikuwa na jina la fundi, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Ulithibitisha kwamba nilimtumia mtu pesa. Haukuthibitisha kwamba ni za bomba, wala kwamba mwenye nyumba alikubali. Hilo ndilo pengo lililonigharimu, na wengi wetu tunalo. Tunaamini kwamba kwa kuwa tumelipa kwa simu, mambo yote yako kwenye rekodi. Yaliyo kwenye rekodi ni pesa tu. Sababu yake lazima uiandike mwenyewe.

Nikirudishwa kwenye usiku ule, ningefanya hivi.

Kwanza, ningepiga picha na video kabla ya kupanguza maji: bomba lenyewe, ile koki yenye kutu, na kabati. Picha za siku ya kuhamia pia zingenisaidia sana, lakini sikuwa nazo.

Pili, ningemwandikia mwenye nyumba mwenyewe usiku huohuo, si kumwachia keateka habari ya mdomo. Maneno machache yanatosha: "Bomba la jikoni limepasuka saa tano usiku, koki haifungi. Fundi anataka 3,800. Nilipe nikate kwenye kodi, au utamlipa mwenyewe?" Akijibu "sawa, lipa ukate", huo ni mkataba mdogo. Hifadhi mazungumzo hayo.

Tatu, ningemlipa fundi kupitia namba ya biashara yake kama anayo, na kumwomba risiti iliyoorodhesha vifaa na kazi. Fundi asiye na kitabu cha risiti anaweza kukutumia meseji: "Nimepokea 3,800 za bomba na koki, nyumba namba fulani." Hiyo nayo ni risiti.

Nne, wakati wa kulipa kodi iliyokatwa, ningetuma hesabu pamoja na malipo: kodi kiasi hiki, fundi kiasi hiki, iliyobaki nimetuma. Kamwe usikate pesa bila makubaliano ukitumaini mtu hataona. Kwenye rekodi ya mwenye nyumba, hiyo itasomeka kama deni la kodi, na utakuwa umempa sababu ya kukufukuza.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, ushauri ni uleule. Ukikata dipoziti, tuma picha, risiti ya fundi na hesabu, kisha urudishe salio kwa simu siku hiyohiyo. Mpangaji anayeona 6,500 zimekwenda wapi anaweza kununa, lakini atalipa. Asiyeonyeshwa kitu ataondoka akiamini ameibiwa, na atawaambia wote wanaotafuta nyumba mtaani kwako.

Sijui kama mzee wangu alikuwa mtu mbaya. Huenda kweli hakuambiwa. Huenda aliliona kabati limevimba akadhani ni mpangaji mzembe, kama wengine aliowahi kuwapangisha. Meseji moja usiku ule, ambayo ingenichukua dakika mbili kuiandika, ingemweleza.

Leo ukifika nyumbani, fungua kabati la chini ya sinki ujaribu kuzungusha ile koki. Ikikataa, mwandikie mwenye nyumba kabla bomba halijapasuka.