Tenisi ya mabavu na jinsi ya kuizima katika hewa ya Kajiado

MCHEZAJI tenisi anayepiga kila mpira kwa nguvu zake zote humtia mpinzani hofu kabla ya seti ya kwanza kwisha. Kajiado, hewa yenyewe humsaidia. Mji huo na Kitengela iko juu sana ya mita 1,219, kiwango ambacho Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) hukitumia kupendekeza mipira maalumu ya nyanda za juu. Hewa ikiwa nyepesi, mpira hukawia kupoteza kasi. Mpigo mkali huwa hauzuiliki, lakini vilevile hupita mstari wa nyuma kwa urahisi.

Kosa la wengi ni kujibu nguvu kwa nguvu. Kosa la pili, lisilotajwa sana, ni kurudisha mipira tu na kungoja mpinzani ajimalize. Simona Halep wa Romania aliyaona hayo katika fainali ya French Open 2017. Aliongoza kwa seti moja na gemu 3-0 katika ya pili, lakini Jelena Ostapenko wa Latvia hakuacha kushambulia. Ostapenko alipata mipigo 54 ya ushindi, akafanya makosa 54 ya kujitakia, na akatwaa kombe 4-6, 6-4, 6-3.

Dawa iliyo bora ni kumnyima mshambulizi kasi ya kuazima. Katika fainali ya Wimbledon 1975, Arthur Ashe alimpa Jimmy Connors mipira laini, ya chini, isiyo na uzito. Connors, aliyezoea kuitumia nguvu ya mpinzani, alilazwa 6-1, 6-1, 5-7, 6-4.

Ulaini huo, hata hivyo, hujifunzwa uwanjani, na hapo ndipo Kitengela inapokwama. Uwanja kamili, pamoja na nafasi ya kukimbilia, huhitaji futi 120 kwa 60. Ploti ya kawaida ya mji huo ni futi 50 kwa 100. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 150,000 mjini humo, na ardhi inazidi kukatwakatwa. Kijana asiye na uwanja hupigia ukutani, nao ukuta humrudishia mpira kwa kasi zaidi kadiri anavyoupiga kwa nguvu. Humfundisha mabavu, si hila.

Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alikulia katika tenisi ya Nairobi. Jiji hilo liko kilomita 30 hivi kutoka Kitengela, lakini kwa mtoto wa shule nauli ya kila siku ni mzigo.

Kuna njia nafuu. Tangu 2012, kanuni za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kurudi chini yatumie mipira ya polepole. Kiwanja cha mpira mwekundu, ulio wa polepole kuliko yote, ni takriban mita 11 kwa 6. Hicho chaweza kuchorwa kwa chokaa katika ua wa shule yoyote, nao mpira huo hauruki mbali hata katika hewa ya Kajiado.